Sura ya Sita: Chumba Ndicho Kinachochagua

Mwaka 1949, katika Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, ilianza kuuzwa redio iliyobuniwa makusudi kwa ajili ya Waafrika wasio na umeme nyumbani. Aliyeihangaikia ni Harry Franklin, mkuu wa Idara ya Habari ya koloni lile, aliyetafuta Uingereza kiwanda ambacho kingekubali kutengeneza redio ya masafa mafupi, ya betri, ya bei ambayo mfanyakazi wa kawaida angeimudu. Kampuni ya betri ya Ever Ready ikakubali. Mwili wa redio hiyo ulikuwa wa alumini, mviringo kama sufuria, ndipo ikapewa jina la Saucepan Special. Iliuzwa pauni tano. Ndani mlikuwa na valvu nne na spika moja.

Ncha ya kusini ya Ziwa Tanganyika, pale Mpulungu, iko katika nchi hiyohiyo. Meli ya Liemba, ambayo Wajerumani waliiunganisha hapa Kigoma na ambayo ilirudi majini kama meli ya abiria mwaka 1927, ilikuwa ikitia nanga huko kwa miongo mingi. Kwa hiyo habari za redio ya sufuria ni habari za ziwa letu, nazo zina somo kubwa kwa yeyote anayetaka kusikiliza muziki vizuri nyumbani. Valvu za betri za aina ile hazikuweza kutoa hata wati moja ya sauti. Hata hivyo watu walikusanyika kuizunguka, wakasikia habari, hotuba na nyimbo, wakaelewa kila neno.

Leo tunauziwa sabufa zenye maandishi ya wati elfu moja ubavuni, na mtu akizifungulia sebuleni hasikii mwimbaji anasema nini. Tofauti haiko kwenye wingi wa nguvu. Iko kwenye kuoana kwa vitu vitatu: chumba, spika na amplifaya. Navyo vina mpangilio wake. Chumba ndicho kinachochagua spika, na spika ndiyo inayochagua amplifaya. Anayeanza na amplifaya, akatafuta spika baadaye na kukikumbuka chumba mwisho, atatumia fedha mara mbili. Sura hii inafuata mpangilio ulio sahihi.

Kwa nini valvu

Valvu ni chupa ya kioo iliyotolewa hewa, ndani yake mna uzi unaopashwa moto hadi chuma kilichofunikwa dawa maalumu kitoe elektroni. Elektroni hizo hukimbilia bamba lenye volti nyingi, na katikati ya safari hukutana na wavu mwembamba. Mabadiliko madogo ya volti kwenye wavu huo huzuia au huachia mkondo mkubwa. Hivyo ndivyo sauti dhaifu ya santuri au simu inavyopata nguvu ya kusukuma spika.

Transista zilikuja zikaondoa valvu kwenye redio za kawaida kwa sababu za msingi: ni ndogo, hazili umeme mwingi, hazichoki upesi. Lakini amplifaya za valvu hazijaacha kutengenezwa, na valvu mpya bado zinatoka viwandani Slovakia, Urusi na China. Sababu moja ni namna zinavyofika mwisho wa uwezo wao. Amplifaya nyingi za transista zikizidiwa hukata kilele cha sauti ghafla, na sikio huumia. Valvu huelemewa taratibu, na sauti inayoongezeka kwa makosa yake huwa mara nyingi ni ile ya oktavu ya juu ya noti yenyewe, ambayo sikio huipokea bila kero. Kwa muziki wa gitaa na sauti za watu, yaani rumba ya Kongo tuliyoipokea ng'ambo ya ziwa, na muziki wa bendi zetu kama Tabora Jazz na Lake Tanganyika Jazz, sifa hiyo ni ya thamani. Gitaa la solo linabaki na mng'ao wake bila kukwaruza.

Lakini sifa hiyo huonekana tu pale amplifaya isipolazimishwa kufanya kazi iliyo juu ya uwezo wake. Ndiyo maana tunaanza na chumba.

Chumba cha kumi kwa kumi

Vyumba vingi vya Mwanga, Gungu, Katubuka au Ujiji hujengwa futi kumi kwa kumi. Ni kipimo rahisi kwa fundi mwashi na kwa mwenye nyumba anayehesabu matofali. Kwa sauti, kipimo hicho kina tatizo lake, na ni vizuri kulijua kabla ya kununua chochote.

Sauti husafiri hewani kwa kasi inayotegemea joto. Kwenye nyuzi 28, ambazo ni kawaida kwa mchana wa Kigoma, kasi hiyo ni kama mita 348 kwa sekunde. Kati ya kuta mbili zinazotazamana, sauti yenye urefu wa wimbi mara mbili ya nafasi hiyo hugonga, ikarudi, ikajipanga juu yake yenyewe na kuvimba. Futi kumi ni mita 3.05. Gawanya 348 kwa mara mbili ya 3.05, unapata hezi 57, yaani mitetemo 57 kwa sekunde. Hiyo ndiyo noti ambayo chumba chako kitaipenda kupita zote.

Gitaa la besi lina noti ya chini kabisa kwenye hezi 41, na noti ya A kwenye uzi unaofuata iko kwenye hezi 55. Mpiga besi akiigusa A hiyo, au B bapa iliyo juu yake kidogo kwenye hezi 58, chumba kizima kitaitikia kwa mngurumo. Akishuka hadi E, noti karibu ipotee. Na kwa kuwa chumba ni mraba, kuta za mbele na nyuma zinavimbisha noti ileile ambayo kuta za kushoto na kulia zinaivimbisha. Tatizo linajirudia mara mbili mahali pamoja. Dari likiwa futi tisa, lenyewe huongeza uvimbe wake kwenye hezi 63 au 64, jirani kabisa. Chumba cha futi kumi kwa kumi na mbili husikika vizuri zaidi kwa sababu uvimbe wake umetawanyika.

Kwa hiyo ukiwa na nyumba yenye vyumba vya vipimo tofauti, chagua cha mstatili. Ukiwa na kimoja tu cha mraba, usikate tamaa, kwani mambo manne hukusaidia.

La kwanza ni mahali unapokaa. Katikati kabisa ya chumba uvimbe wa kwanza hufa, na noti za hezi 57 hazisikiki. Ukutani nyuma kabisa zinazidi. Sogeza kiti chako mbele ya ukuta wa nyuma kwa mita moja hivi, kisha sogea kidogokidogo hadi besi isikike noti kwa noti.

La pili ni dirisha. Dirisha lililo wazi, lenye nondo na wavu wa mbu tu, halirudishi sauti. Linaiachia itoke. Watu wa nchi za baridi hujifungia ndani na kununua vifaa vya kumeza besi. Sisi tunafungua dirisha kwa ajili ya upepo wa ziwani na tunapata sehemu ya faida hiyo bure. Jaribu kusikiliza wimbo mmoja dirisha likiwa wazi, kisha likiwa limefungwa, usikilize besi inavyobadilika.

La tatu ni dari. Dari la mbao nyembamba au ubao laini lililopigiliwa chini ya paa, na hewa katikati, hutikisika kwa sauti nzito na kumeza sehemu yake. Chumba kisicho na dari, ambacho mabati yako wazi juu, huacha besi itoke kwa urahisi, lakini mabati hulia yakitikiswa, na mvua ya masika hufuta muziki wote. Mwenye uwezo wa kutengeneza kitu kimoja tu chumbani kabla ya kununua vyombo, atengeneze dari.

La nne ni vitu laini. Kuta zilizopigwa lipu ya saruji na sakafu ya saruji hurudisha sauti nyembamba karibu yote. Simama katikati ya chumba kitupu, piga kofi moja: mlio unaosikika baada ya kofi ndio utakaoparuza kila herufi ya mwimbaji. Mkeka peke yake hausaidii sana kwa sababu ni mwembamba na umelala juu ya saruji. Zulia nene, godoro, makochi ya sponji, pazia zito lenye mikunjo lililoachiwa nafasi ya kiganja kutoka ukutani, hivyo ndivyo vinavyonyamazisha kofi. Kwa chumba kimoja cha kulala na kusikilizia, kitanda ni mali kubwa. Kiweke upande wa nyuma, mkabala na spika.

Spika: unyeti kwanza

Sasa tunaweza kuzungumza juu ya spika. Namba ya kwanza kuitafuta kwenye karatasi zake ni unyeti, unaopimwa kwa desibeli. Spika yenye unyeti wa desibeli 90, ikipewa wati moja, hutoa sauti ya desibeli 90 umbali wa mita moja.

Ukiongeza nguvu mara mbili, unapata desibeli 3 tu za ziada. Ukiongeza mara kumi, unapata desibeli 10, ambazo kwa sikio ni kama sauti iliyokuwa mara mbili. Maana yake ni kwamba amplifaya ya wati 8 kwenye spika ya desibeli 96 inafanya kazi ambayo spika ya desibeli 90 ingehitaji wati 32, na spika ya desibeli 84 ingehitaji wati 128. Tofauti ambayo haionekani kwa macho, kwa kuwa spika zote tatu zaweza kulingana kwa ukubwa, inaamua kama amplifaya ndogo ya valvu itapumua au itakabwa.

Tufanye hesabu ya chumba chetu. Unakaa mita mbili kutoka kwenye spika. Spika mbili za desibeli 90, kila moja ikipewa wati moja, pamoja na msaada wa kuta, zitakupa kama desibeli 88 masikioni. Ukiwa na wati 8 kila upande, utafika kama desibeli 97. Usikilizaji mzuri wa nyumbani huwa wastani wa desibeli 75 hadi 80, na vilele vya ngoma au tarumbeta hupanda juu ya wastani huo kwa desibeli 10 hadi 15. Wati 8 zinatosha na zinabaki. Wataalamu wa afya kazini huhesabu desibeli 85 kwa saa nane kuwa mpaka wa hatari kwa masikio, kwa hiyo anayetaka zaidi ya hapo chumbani mwake anajiumiza mwenyewe.

Kwa nini basi spika zote zisitengenezwe kwa unyeti mkubwa? Mhandisi J. Anton Hofmann, mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya KLH ya Marekani, aliieleza sababu kwa kanuni ambayo wajenzi wa spika huiita sheria ya chuma. Unaweza kupata sanduku dogo, besi inayoshuka chini sana, na unyeti mkubwa, lakini kwa wakati mmoja utachagua viwili tu. Sabufa ndogo za dukani zimechagua sanduku dogo na besi ya chini, zikapoteza unyeti, ndiyo maana zinahitaji nguvu nyingi. Spika za kumbi na makanisa, zenye koni ya karatasi nyepesi na ngumu na sumaku kubwa, zimechagua unyeti.

Kwa chumba cha kumi kwa kumi na amplifaya ya valvu, ushauri wangu ni huu: achana na besi ya chini kabisa. Chumba chenyewe kitairudisha sehemu yake, maana spika iliyo karibu na ukuta hupata nguvu ya ziada kwenye sauti nzito, na iliyo kwenye kona hupata zaidi. Spika inayoshuka vizuri hadi hezi 55 au 60 inatosha kwa karibu muziki wote wa bendi za Afrika Mashariki na Kongo wa miaka ya 1950 hadi 1970. Tafuta koni ya inchi 8 au 10, unyeti wa desibeli 90 kwenda juu, ndani ya sanduku la mbao nzito. Spika za ukumbi zenye honi kwa ajili ya sauti nyembamba ziangalie kwa makini: umbali wa mita mbili honi nyingi huwa kali mno, kwani zilitengenezwa zirushe sauti mbali.

Ukikuta spika zilizotumika, kagua pete inayoshikilia koni kwenye fremu. Pete ya sponji huoza kwa joto na unyevunyevu, ikiguswa kwa kidole inameguka. Pete ya mpira au ya kitambaa hudumu zaidi. Sukuma koni polepole kwa vidole vya mikono miwili. Ikikwaruza, koili yake imepinda au imeungua, iache.

Omu, transfoma na kuoana kwenyewe

Valvu hutoa volti nyingi na mkondo mdogo. Spika hutaka kinyume chake, volti chache na mkondo mkubwa. Kati yao hukaa transfoma ya kutolea sauti, inayofanya kazi ya mtaimbo: mkono unakwenda mbali kwa nguvu ndogo, jiwe linasogea kidogo kwa nguvu kubwa. Mzigo huo hupimwa kwa omu, kipimo cha ukinzani wa umeme. Valvu inayotaka kuona mzigo wa omu 5,000 na spika ya omu 8 zinaunganishwa na transfoma ambayo mizunguko ya waya upande wa valvu ni mara 25 ya ile ya upande wa spika, kwa sababu 25 mara 25 ni 625, na 625 mara 8 ni 5,000.

Kutoka hapo unaelewa kwa nini nyuma ya amplifaya kuna matundu yaliyoandikwa 4, 8 na 16. Spika ya omu 8 iende kwenye 8. Ukiipeleka kwenye 4, valvu itaona mzigo mkubwa mara mbili. Nguvu itapungua, lakini mara nyingi sauti hubaki safi, na kwenye chumba kidogo inaweza kukupendeza. Ukipeleka spika ya omu 4 kwenye 8, valvu itaona mzigo nusu, itatoa mkondo zaidi ya uliopangwa na kuchoka mapema.

Spika za zamani nyingi hazina maandishi. Chukua mita ya fundi, pima kwenye vituo vyake. Ikisoma karibu na 6, ni spika ya omu 8. Ikisoma kidogo juu ya 3, ni ya 4. Ikisoma karibu na 12, ni ya 16. Namba ya mita huwa ndogo kwa sababu inapima waya wa koili tu, bila upinzani unaozaliwa koili inapotembea.

Na hapa ndipo lilipo jambo ambalo wauzaji wengi hawalisemi. Omu za spika hazitulii. Spika iliyoandikwa 8 yaweza kushuka hadi 5 kwenye noti fulani na kupanda hadi 30 kwenye noti nyingine, hasa pale besi yake inapoanza. Amplifaya ya transista haijali sana, kwa sababu ukinzani wake wa ndani unakaribia sifuri. Amplifaya ya valvu, hasa ile isiyo na mrejesho mwingi wa kujisahihisha, ina ukinzani wa ndani wa omu moja, mbili, hata tatu, na volti zinagawanywa kati ya ukinzani huo na spika. Chukua omu 2. Pale spika iliposhuka hadi 5, inapata sehemu 5 kati ya 7 za volti. Pale ilipopanda hadi 30, inapata sehemu 30 kati ya 32. Tofauti ni zaidi ya desibeli 2, nayo inasikika wazi: besi ya juu inanenepa, sauti za katikati zinarudi nyuma.

Kwa hiyo spika inayooana na valvu ni ile ambayo omu zake hazipandi na kushuka sana, wala hazizami chini ya namba iliyoandikwa. Kwa kawaida ni spika rahisi: koni moja au mbili, na vipande vichache vya kugawanya sauti nzito na nyembamba. Spika ya koni nne na mgawanyo wenye koili na kapasita nyingi ni ya kuiangalia mara mbili.

Mfano mmoja wa kuthibitisha ni spika ndogo ya LS3/5A, iliyobuniwa na wahandisi wa BBC mwanzoni mwa miaka ya 1970 kwa ajili ya kusikilizia ndani ya magari ya matangazo, mahali padogo kuliko chumba chetu. Unyeti wake ni mdogo, kama desibeli 83. Kwa hesabu ya unyeti peke yake ungeikataa. Lakini zile za kwanza zilikuwa na omu 15, msikilizaji alikaa karibu sana, na hakuna aliyeitaka ijaze ukumbi. Wapenzi wengi wa muziki wameiunganisha na amplifaya ya valvu ya Quad II, ya mwaka 1953, yenye wati 15, wakaridhika kwa miaka mingi. Udogo wa mahali na ukubwa wa omu vilifidia unyeti mdogo. Chumba kilichagua.

Mapatano matatu

Nayaweka sasa mapatano matatu kwa chumba cha kumi kwa kumi hadi kumi kwa kumi na mbili.

La kwanza ni valvu moja ya EL84 kila upande, kama wati 5, na spika za desibeli 93 kwenda juu. EL84 ni ndogo, bei yake si kubwa, na ilitumika kwenye redio na santuri nyingi za Ulaya, kwa hiyo mafundi wa zamani wanaijua. Kwa msikilizaji wa usiku, haya ndiyo mapatano bora kwa fedha kidogo.

La pili ni EL84 mbili zinazopokezana kila upande, wati 12 hadi 15, na spika za desibeli 88 hadi 90. Amplifaya za namna hii huwa na mrejesho wa kutosha, ukinzani wake wa ndani ni mdogo, na zinasamehe spika zisizotulia. Asiyejua spika atakayoipata itakuwaje, achague hii.

La tatu ni 300B moja kila upande, kama wati 8. Valvu hii ilitengenezwa na Western Electric ya Marekani katika miaka ya 1930, na bado inasifiwa kwa sauti za watu. Lakini ni ghali, transfoma yake lazima iwe bora, na spika iwe na unyeti na omu zilizotulia. Ni ya mtu aliyekwisha kutengeneza chumba na kupata spika.

EL34 mbili kila upande, zenye wati 30 au zaidi, si mbaya, ila katika chumba hiki unalipia joto usilolihitaji. Hita ya EL34 moja, yaani ule uzi unaopashwa moto, peke yake hula zaidi ya wati 9 za umeme kabla hujapiga hata noti moja.

Kuna pia njia ya nne. Rekodi nyingi za bendi zetu za miaka ya 1960, zilizofanywa redioni Dar es Salaam au kutolewa kwenye santuri ndogo, ni za mono: sauti moja, hakuna kushoto wala kulia. Kwa muziki huo amplifaya moja na spika moja nzuri, karibu na kona, ni mfumo kamili. Fedha za spika mbili za wastani zinanunua moja bora, na nafasi ya chumba inabaki kwa maisha mengine.

Umeme, joto na safari

Kigoma iliishi miaka mingi kwa majenereta ya dizeli kabla ya gridi ya taifa kufika, na kila mwenye friji anajua maana ya volti kupanda na kushuka. Valvu zinalihisi hilo. Amplifaya iliyotengenezwa kwa volti 220 ikipewa 240, hita iliyopangiwa volti 6.3 hupata karibu 6.9, na kuizidishia hita kiasi hicho kila siku kunafupisha umri wake. Stablaiza nzuri si anasa. Amplifaya iliyotoka Marekani ni ya volti 120, ya Japani ni ya 100, na zote zinahitaji transfoma ya kushusha umeme yenye uwezo unaozidi kile zinachokula.

Ndani ya amplifaya ya valvu mna volti 300 hadi 450, na kapasita zake huweza kuzihifadhi hata baada ya kuchomoa waya ukutani. Volti hizo zinaua. Kazi yoyote ya ndani mpe fundi anayejua kuzimaliza kwanza. Usiwashe amplifaya hii bila spika kuunganishwa, kwa maana nguvu isiyo na pa kwenda huweza kutoboa kizio cha transfoma, na hiyo ndiyo sehemu ya gharama kuliko zote. Iweke mahali pa wazi, juu ya meza, mbali na pazia na mikono ya watoto, maana kioo cha valvu huunguza.

Vyombo vikija kwa treni kutoka Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,200 za kutikisika, valvu zichomolewe, zifungwe peke yake kwenye sponji na kuandikwa kila moja ilikuwa tundu gani. Kwa waya wa spika, hakuna haja ya kununua wa kifahari. Waya wa shaba wa milimita 1.5 mraba, ule wa kufungia taa za nyumba, kwa umbali wa mita nne una ukinzani ulio chini ya sehemu moja ya kumi ya omu. Unatosha.

Utajuaje vimeoana

Usimalize fedha kabla ya kusikiliza. Beba amplifaya hadi zilipo spika, au spika hadi ilipo amplifaya, na usikilize saa nzima kwa nyimbo unazozijua kwa moyo. Kisha fanya majaribio matatu.

Fuatilia mpiga besi akipanda na kushuka. Kila noti iwe na uzito unaokaribiana na jirani yake. Noti moja ikiruka juu ya nyingine, rudi kwenye mahali pa spika na kiti kabla ya kulaumu valvu. Sikiliza mtangazaji akisoma habari. Sauti ya mtu ndiyo kipimo ambacho sikio haliwezi kudanganywa nacho, na ikisikika inatoka ndani ya sanduku au puani, omu za spika na amplifaya havijapatana. Mwisho, punguza sauti hadi kiwango ambacho jirani wa ukuta wa pili anaweza kulala. Mfumo uliooana hubaki mzima hapo chini: maneno yanaeleweka, gitaa la solo na la rithimu bado ni magitaa mawili, ngoma bado ina ngozi. Mfumo usiooana hudai uongezewe sauti ndipo uishi.

Jaribio hili la tatu ndilo ninalolithamini kuliko yote, kwa sababu sehemu kubwa ya maisha yetu ya nyumbani ni ya sauti ya chini, kuta zetu zinagusana, na watoto wanalala mapema. Mfumo unaopita jaribio hilo utasikilizwa kila siku. Usiopita utapambwa kwa kitambaa na kusubiri sherehe. Kabla ya kuuliza wati ngapi, basi, pima chumba chako kwa futi, piga kofi, fungua dirisha, na ujue utakaa wapi. Maswali yaliyobaki yatajibiwa na chumba.